Tupeane uzoefu: ufadhili wa kusomea sheria uliupataje?

Mtoa mada:
Habari zenu wakuu. Kila msimu wa maombi ukikaribia watu wananiuliza ada ya sheria niliitoa wapi. Nimeona nilete hapa tuchangie wote, maana njia niliyopita mimi ni moja tu, tena ina makovu.

Nilisoma JD, yaani shahada ya sheria ya Marekani, miaka 3. Barua ya ufadhili wa nusu ada ilipofika nililia kwa furaha, nikasaini jioni ile ile. Aya ya tatu niliipitia juu juu: ufadhili utaendelea mradi wastani wangu usishuke chini ya 3.0. Nikajisemea, shahada ya kwanza sijawahi kuona chini ya 3.5, hiyo 3.0 itanishinda vipi?

Sikujua mwaka wa kwanza wa sheria alama zinatolewaje. Kwenye vyuo vingi mwalimu anapangiwa wastani wa darasa zima. Hata wote mkiandika vizuri, lazima kuna watakaowekwa chini. Na somo zima mara nyingi linabebwa na mtihani mmoja wa mwisho wa muhula. Nilimaliza na 2.93. Nilikuwa nimekaa kitandani na simu, nikafungua ukurasa wa malipo, mstari wa ufadhili haupo. Limebaki deni tupu. Miaka miwili iliyofuata niliisoma kwa mkopo, na mpaka leo nalipa.

Jamani, soma masharti kabla ya kuangalia kiasi. Vyuo vya sheria vilivyoidhinishwa na ABA, chama cha mawakili cha Marekani, vinatakiwa kutoa kila mwaka taarifa za Kanuni ya 509. Humo chuo chenye ufadhili wa masharti kinaonyesha wangapi waliingia nao na wangapi walipunguziwa au kunyang'anywa. Ziko wazi mtandaoni, bure kabisa. Mimi nilizijua nikiwa mwaka wa pili.

Mchangiaji wa 1:
Pole sana mkuu, umenigusa. Mimi nitasema jambo ambalo wengi tunaliogopa kwa sababu ya malezi: kuomba kuongezewa. Tumezoea ukipewa unashukuru, basi. Lakini kule vyuo vinagombania wanafunzi wenye alama nzuri za LSAT, ule mtihani wa kuingia vyuo vya sheria, na kiasi cha kwanza mara nyingi si cha mwisho.

Nilikuwa na barua mbili. Chuo nilichokipenda kilinipa kidogo, kingine kikanipa zaidi. Nikaandika nusu ukurasa: nikashukuru, nikasema wazi kwamba ninyi ndio chaguo langu la kwanza, nikaambatanisha ile barua nyingine, nikaomba waitazame upya hali yangu. Niliisoma mara tano kabla ya kuituma, nikafuta kila neno lililonuka vitisho. Wiki mbili kimya. Kisha wakaniongezea. Rafiki yangu aliyeiga mtindo huo alikataliwa kwa adabu tu, nafasi yake ya kusoma haikuguswa.

Mchangiaji wa 2:
Asante kwa uzi huu. Mimi nilikwenda Uingereza kwa shahada ya uzamili ya sheria, kwa Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza. Ni mwaka mmoja, wanataka uwe na saa 2,800 za kazi, na ukimaliza unarudi nyumbani kwako angalau miaka 2.

Mara ya kwanza sikuitwa hata kwenye usaili, na nikiisoma insha yangu ya wakati ule naona kwa nini. Nilianza na "tangu utotoni nimependa haki." Nani hapendi haki? Mara ya pili nilianza na mjane mmoja niliyemsaidia kwenye ofisi ya msaada wa kisheria. Alikuja na risiti za kiwanja kwenye mfuko wa nailoni, zimelowa, tukazianika juu ya meza moja moja tukisoma tarehe. Nikaeleza nilifanya nini, nilikwama wapi kisheria, na ni somo gani hasa ningekwenda kusoma ili nisikwame tena. Wadogo zangu, andika kitu ulichokishika kwa mikono yako.

Mchangiaji wa 3:
Tusiisahau mikopo. Mimi nina makazi ya kudumu Marekani, kwa hiyo nilijaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali ya kule. Ukishafika ngazi ya sheria unahesabiwa unajitegemea, kipato cha wazazi hakiingii kwenye mkopo wa serikali. Ila baadhi ya vyuo vinakiuliza kwa ajili ya misaada yao wenyewe, usishtuke.

Muhimu kwa wanaoanza sasa: ule mkopo wa serikali wa Grad PLUS uliokuwa unaziba pengo lote la gharama umefungwa kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Kwa masomo kama sheria, kikomo cha mkopo wa serikali ni dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Kinachozidi hapo ni benki binafsi au mfuko wako. Na wa viza ya mwanafunzi hana haki ya mkopo wa serikali kabisa, na benki binafsi kwa kawaida zinamtaka mdhamini ambaye ni raia au mkazi wa kudumu.

Mchangiaji wa 4:
Nyongeza fupi. LSAC, shirika linaloendesha mtihani wa LSAT, wana msamaha wa ada kwa asiye na uwezo, uombe kabla hujajiandikisha mtihani. Halafu tuma maombi mapema, vyuo vingi vinagawa nafasi na fedha kadiri maombi yanavyoingia.

Mchangiaji wa 5:
Mtoa mada, naomba kuuliza. Barua yangu imekuja jana na ina sharti kama lako. Naweza kuomba liondolewe?

Mtoa mada:
Unaweza, dada. Mdogo wangu aliomba kwa maandishi kabla ya kusaini. Hakuongezewa hata dola, lakini walibadilisha sharti: abaki na alama za kumwezesha kuendelea na masomo, basi. Akasaini. Wewe tarehe yako ya mwisho ya kujibu ni lini?