Klayenti wa omena anataka pakiti tu, maswali ya biashara hataki

dizaina_kondele
Wadau habari zenu. Kuna mama hapa Kisumu anauza omena (dagaa) soko la Kibuye kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, biashara imeshika, sasa anataka kuingia supamaketi. Ameniita nimfanyie logo na pakiti. Nikamuuliza mnunuzi wako wa supamaketi ni nani, pakiti ni ya gramu ngapi, na uvuvi ukifungwa Aprili hadi Julai utaweka nini kwa rafu? Akacheka, "kijana wangu wewe chora samaki wapendeze, biashara niachie mimi." Sasa hayo maswali ni kazi yangu ama najifanya mjuaji? Na kama ni kazi, mnaitoza vipi maana hakuna mtu hulipia maswali.

section58_nakuru
Chora ulipwe buda. Huyo mama amesomesha watoto na omena, wewe na kompyuta yako utamwambia nini. Tropicana, wale wa juisi ya machungwa, 2009 waliletewa boksi mpya ya kisasa, lile chungwa lenye mrija likatolewa, wateja wakawa wanapita kwa rafu hawaitambui, mauzo yakashuka kama asilimia 20 ndani ya miezi miwili hivi wakarudisha ya zamani mbio. Hayo ndio madizaina wakiachiwa biashara.

nyar_dunga
Si huo mfano unakupinga mwenyewe 😂 wangeuliza mteja huitambua juisi kwa nini hawangetoa chungwa. Mimi nikinunua omena kitu ya kwanza naingiza mkono kwa gunia nisikie kama kuna mchanga, sasa ikifungwa kwa pakiti huo mkono hauingii, kwa hivyo pakiti lazima ijibu swali la mchanga. Weka dirisha nione samaki, ama uandike imeanikwa juu ya wavu. Lakini ukiandika hivyo mama itabidi anunue wavu na ajenge meza za kuanikia, aache kumwaga chini, na hiyo ni pesa yake, si yako. Lebo imeshampangia bajeti hata kama hataki kuongea biashara.

fundi_wa_lebo
Usimtajie neno strateji kabisa, atadhani unaongeza bili. Mifuko ya kuchapishwa huwezi kuagiza michache, kuna idadi ya chini ya oda, ukikosea gramu anabaki na mabunda stoo. Anza na mfuko wazi na stika, saizi mbili, apeleke duka moja ama mawili aone ipi inatoka. Alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, pia aanze kuifuatilia saa hii, supamaketi wataiuliza kabla ya logo. Kwa kotesheni andika "kutembea soko na majaribio ya pakiti", hiyo mtu analipa. IKEA, wale wauza fanicha wa Uswidi, walitoa meza miguu 1956 ndio iingie kwa boksi bapa, na bei yao ya chini mpaka leo imekalia hapo, sasa hiyo utaita dizaini ama biashara?

dizaina_kondele
Nimempigia nikauliza tu anaanika wapi. Kumbe haaniki! Hununua ikiwa imekauka ufuoni, kwa watu tofauti tofauti.

nyar_dunga
Basi wavu sahau, hawezi kuahidi kitu haoni. Andika imechekechwa na kuchaguliwa, hiyo anaweza kufanya mwenyewe akiwa nyumbani.

section58_nakuru
Sawa hapo mmenishika. Lakini pesa chukua nusu kabla.