Mpima ardhi nataka uzamili wa historia. Nimechanganyikiwa?

Mpima wa Bombo:
Salaam ndugu zangu. Nina miaka 34, digrii yangu ni ya upimaji ardhi, na huu ni mwaka wa tisa kazini, Bombo na Luweero, hapa Uganda. Kazi sina shida nayo, shida ni mafaili. Mwaka jana tulikuwa tunatafuta jiwe la mpaka kwenye ardhi ya mailo (ile ya kumilikiwa kwa hati ya kudumu, huku Buganda), nikafunguliwa ramani ya zamani iliyochanika kwenye mikunjo. Pembeni kuna neno moja la Kiganda kwa penseli: amalaalo. Makaburi. Tuliyakuta kweli, chini ya migomba, na ukoo unaozika pale haumo kwenye hati hata moja. Tangu siku hiyo sina raha. Nataka kuisomea, lakini historia niliiachia S4 (kidato cha nne). Chuo kimoja nilikoulizia, dada wa dirishani alicheka: "Historia na theodolaiti (kile chombo chetu cha kupimia pembe) wapi na wapi?" Mke wangu anasema nisubiri watoto wakue.

Mama Zai:
Kaka, msikilize mkeo. Mimi nilianza uzamili nikitegemea mshahara, nikapunguzwa kazini mwaka huohuo. Tasnifu iko kwenye flashi hadi leo, na flashi yenyewe sijui iko wapi.

Mjukuu wa Keya:
Mailo ni nini kama si historia, ssebo? Mkataba wa Buganda wa 1900 uligawa maili za mraba 8,000 kwa machifu na wengineo kama 1,000 hivi, kwa hesabu ya karatasi tu. Mnyororo wa mpimaji ulikuja baadaye, na mkulima akajikuta analima kwa mtu. Wanahistoria wangapi wanaweza kuisoma ramani kama wewe? Andika hilo kwenye barua ya maombi. Ile ya "napenda historia tangu utotoni" waachie wengine.

Nnalongo:
Mimi nilitoka uhasibu. Nilipewa masomo mawili ya shahada ya kwanza nijazie, nikakaa darasani na watoto wa miaka 20 wakiniita "maama". Yalipita.
Usianzie dirishani, anzia kwa mhadhiri anayeshughulikia ardhi. Mpelekee kurasa kumi kuhusu hayo makaburi. Pale Chuo Kikuu cha Makerere ipo pia MISR, taasisi yao ya utafiti wa jamii: programu yao ya uzamivu, iliyoanza 2012 chini ya Profesa Mamdani, inachanganya taaluma, historia ikiwemo. Ila ni miaka mitano, pima na mkeo. Kwanza chukua likizo ya wiki uende Nyaraka za Taifa, zilitoka Entebbe siku nyingi, sasa ziko Wandegeya, Kampala. Ukikohoa vumbi siku tano na bado unataka, omba. Na kibali cha utafiti ukifuatilie mapema. Ukiuliza habari za ardhi Luweero, swali la kwanza ni umetumwa na nani.

Mama Zai:
Na karo?

Mpima wa Bombo:
Karo nimeanza kuweka, dada. Kazi siachi. Nnalongo, kurasa ninazo tatu, na mbili ni michoro.

Nnalongo:
Peleka na michoro.