Shemeji yangu wakili huko Ufilipino anataka ugavana 2028, naombeni ushauri

Mwana_Pongwe: Wakuu, habari za usiku. Dada yangu ameolewa Cebu, Ufilipino, na wakili mwenye ofisi yake. Shemeji ameamua kugombea ugavana wa mkoa Mei 2028. Dada hapati usingizi. Akishinda, ofisi ya uwakili inaishia wapi? Ndiyo inayolipa ada za watoto. Wenye uelewa wa sheria za kule nisaidieni.

Kalamu_Nyekundu: Kwa gavana uwakili unasimama. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1991, kifungu cha 90, inamkataza gavana na meya kufanya taaluma yake akiwa madarakani. Mjumbe wa baraza la mkoa anaruhusiwa, ila si saa za vikao, na hasimami dhidi ya serikali kwenye kesi ya madai, wala hamtetei mtumishi wa umma anayeshtakiwa kwa kosa la kazini. Kama ofisi ndiyo inayolisha nyumba, aanzie barazani.

Bi_Tausi: Hapohapo Cebu mfano upo. Hilario Davide III, wakili, mtoto wa Jaji Mkuu wa zamani, alianzia udiwani wa Jiji la Cebu. 2010 akautaka ugavana, akaangushwa na Gwendolyn Garcia. 2013 akarudi, akamshinda Pablo John Garcia wa ukoo uleule. Baada ya mihula miwili ya miaka mitatu mitatu akagombea unaibu 2019, na gavana akawa Gwendolyn! Kule siasa za mkoa ni za koo. Mume wa mtu asiingize nyumba yake humo kwa sababu ya kusifiwa na watu wawili.

Fundi_Katiba: Mleta mada, kabla ya ofisi kuna uraia. Shemeji ana pasipoti ngapi?

Mwana_Pongwe: Hilo liko sawa mkuu. Tusitoke nje ya mada.

Fundi_Katiba: Ngapi?

Mwana_Pongwe: Mbili. Alichukua uraia wa Marekani akiwa California. 2022 aliapa kurudisha wa Ufilipino, na akaapa kuukana wa Marekani. Ila Desemba 2024 alikuja Dar kwenye harusi ya mdogo wetu kwa ile ya Marekani, maana ya Kifilipino ilikuwa imeisha muda. Safari moja tu jamani! Turubai zenye picha yake zimeshachapishwa, nami nimeshatuma dola 3,000. Kurudi nyuma ni aibu.

Fundi_Katiba: Hiyo safari moja ndiyo kesi yenyewe. Rommel Arnado wa Kauswagan, Lanao del Norte, aliukana uraia wa Marekani Aprili 2009, kisha akasafiri kwa pasipoti ya Marekani. Akashinda umeya 2010. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya kule ikasema kuitumia pasipoti ile kulikifuta kiapo, kiti akapewa Maquiling aliyekuwa wa pili. Arnado akagombea tena kwa kiapo kilekile, akashinda, na 2015 wakamwengua tena: alipaswa kuapa upya.

Kwa hiyo shemeji ahuishe pasipoti ya Kifilipino, ile nyingine asiiguse tena, halafu aape mwenyewe, upya, mbele ya ofisa mwenye mamlaka ya kuapisha, kabla ya kuwasilisha fomu COMELEC, tume ya uchaguzi ya kule. Na awe ameishi mkoani mwaka mzima kabla ya siku ya kura.

Mjukuu_wa_Nahodha: Chai hii. Wakili gani hajui kesi ya Arnado? Kama kweli alitua Dar kama Mmarekani, viza alilipa ngapi?

Mwana_Pongwe: Dola 100. Mimi ndiye niliyempokea uwanjani, alilalamika kwamba Mfilipino mwenzake pale dirishani alilipa 50.

Mjukuu_wa_Nahodha: Hapo umesema kweli, Wamarekani hupewa ile ya kuingia mara nyingi. Samahani mkuu, tuendelee.

Kalamu_Nyekundu: Mimi nimekwama kwenye zile dola 3,000. Kanuni ya Uchaguzi ya 1985 inakataza mgeni kuchangia kampeni na inamkataza mgombea kupokea. Kosa la uchaguzi ni kifungo cha mwaka 1 hadi 6 na kuzuiwa kushika wadhifa, na mgeni akimaliza kifungo anafukuzwa nchini. Dada bado ana uraia wa Tanzania? Basi jina lake lisionekane popote kwenye hizo fedha. Zirudishwe kwa benki ileile, risiti mbaki nayo. Mgombea wa chama hawezi kutumia zaidi ya peso 3 kwa kila mpiga kura aliyeandikishwa, asiye na chama peso 5, na taarifa ya michango na matumizi inawasilishwa ndani ya siku 30 baada ya uchaguzi. Mshindi asiyeiwasilisha haingii ofisini.

Mwana_Pongwe: Bado ni Mtanzania. Na fedha zilipitia akaunti yake. Nampigia sasa hivi.

Bi_Tausi: Saa nne usiku hii? Wametutangulia saa tano, kwake ni saa tisa alfajiri. Mwandikie ujumbe asizitoe, asubuhi akiamka aanzie benki.