Waliotembezwa porini kwenye ranchi za ng'ombe, tupeane uzoefu

BiMkuu_Barani: Nilikuwa nampangia mwanangu nguo za safari ya shule. Wanaenda kutembezwa porini, ranchi moja ya ng'ombe huko juu ya mto Sabaki. Nikashika fulana ya buluu, mkono ukasita. Mwaka juzi nilivaa buluu mimi, ndorobo wakanila mgongo mzima, wanauma hata juu ya nguo. Mliofika huko semeni, mtoto ana miaka 11 na safari ni keshokutwa.

Kaingu_Langobaya: Buluu na nyeusi ndizo wanazozifuata, hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa hivyo. Mvishe kaki.

MwalimuMstaafu: Ndorobo afadhali. Sisi tulitoka Malindi saa kumi alfajiri, tukapita Kakoneni na Langobaya, kunakucha tuko na kiongozi wetu, Mwata wa makamo, wale wawindaji wa asili wa huku. Ana kijifuko cha majivu, anakitikisa kila baada ya hatua kadhaa aone upepo unaelekea wapi.

Akatuonyesha mahali ng'ombe walipolazwa. Wale Boran hulala ndani ya boma la vyuma, simba asiwafikie, na boma lenyewe huhamishwa. Linapoondoka hubaki samadi. Mvua ikinyesha, panaota nyasi changa, kongoni na punda milia wanazifuata. Nimeinama nazishika zile nyasi, nawaza shamba langu la Gede lilivyochoka, nikasikia neno moja tu: "Simameni."

Nyati. Dume peke yake, matope yamemkaukia mgongoni, amesimama kando ya vichaka vya mswaki, hatua kama thelathini. Tulikuwa tisa, na mama mmoja ameshika mtoto wa miaka sita. Kiongozi akatusogeza polepole nyuma ya miti ya mikoma. Akatikisa kifuko. Nikayaona majivu yakiyumba, kisha yakaelekea kwa nyati.

Nyati akainua pua, akaja. Kishindo nilikisikia kwenye magoti kabla ya masikio. Kiongozi akatoka mbele yetu, akapiga ukelele na makofi, askari ameinua bunduki. Yule mama akajilaza juu ya mwanawe, hakutoa hata sauti. Nyati akatupita ubavuni, karibu hata nikasikia harufu yake, akatokomea mtoni. Mtoto akauliza, "Mama, amekwenda?" Nililia mbele ya watu wote. Mpaka leo tawi likivunjika usiku naamka.

ShariffaM: Ya Rabi. Mwili wote umenisisimka.

Omari_wa_Mambrui: Mngepanda miti.

Kaingu_Langobaya: Mkoma unaupanda vipi na nyati yuko nyuma yako? Lala chini.

Omari_wa_Mambrui: Akukanyage? Panda mti, mzee wangu ndivyo alivyopona.

Jilo_Garsen: Mnasifu boma la vyuma. Sisi Waorma tulihamisha boma za miiba kufuata mvua kabla ranchi hazijakuwapo. Leo kiangazi ng'ombe wetu wakivuka mpaka wanafukuzwa, mgeni wa kutembea anakaribishwa.

Kaingu_Langobaya: Ndugu yangu, wakiingia wote nyasi zitatoka wapi?

Jilo_Garsen: Zilitoka wapi enzi za babu zetu?

MwalimuMstaafu: Jilo ana haki ya kuuliza. Waata pia. Tsavo ilifanywa hifadhi mwaka 1948, watu waliowinda ndovu kwa upinde wakajikuta wahalifu kwenye ardhi ya babu zao. Yule aliyesimama mbele ya nyati ni mjukuu wao.

MzeeSalim: Nyinyi vijana mmesahau, ranchi ya Galana miaka ya 1970 walijaribu kufuga hata choroa, yule swala mkubwa wa pembe ndefu, pamoja na ng'ombe, kwa sababu ya uhaba wa maji. Choroa hunywa kidogo mno. Na mto wa huko, Sabaki, ndio huo wa Baricho unaotupa maji sisi.

Amina_Amu: Mimi niko Amu, ng'ombe wengi nawaona nikipita Witu tu. Nimekwama kwa yule mtoto wa miaka sita. Nani alimruhusu?

MwalimuMstaafu: Hakuna aliyeuliza umri. Nami nilikuwepo, sikuuliza.

ShariffaM: BiMkuu, suruali ndefu na soksi. Kupe hupanda kutoka kwenye nyasi. Akirudi mkague nyuma ya masikio.

Omari_wa_Mambrui: Na afundishwe kupanda mti.

BiMkuu_Barani: Kaki nimeazima kwa jirani. Nimempigia mwalimu wake mara mbili nimuulize kama watakuwa na askari mwenye bunduki. Hajapokea. Kesho asubuhi niko pale shuleni.