Machweo ya Ras Kigomasha: usiku nitarudije Konde?

Binti Mkunazini: Asalaam aleikum wanajamvi. Wiki ijayo naenda Wete, Pemba, harusini, na siku moja nimejitengea. Nataka kuona jua likichwa Ras Kigomasha, pale penye mnara wa taa. Sina usafiri. Kuna aliyenambia niende Vumawimbi, eti ndiko kuzuri zaidi. Kweli?

Mtoto wa Konde: Waaleikum salaam dada. Huyo wa Vumawimbi hakutakii mema, ha ha. Kule kunatazama mashariki, jua litakuchwea mgongoni nyuma ya miti. Machweo ni Verani au rasini penyewe.

Gari ya abiria itakushusha Konde. Hapo chukua bodaboda, upite msitu wa Ngezi na Makangale mpaka mnarani. Lakini asikushushe akaondoka! Mwaka juzi nilimwacha kijana aende, "ntarudi saa moja". Hakurudi, na simu haikushika mtandao. Nikaingia Ngezi kwa miguu, giza totoro, popo wale wakubwa wanagombana juu ya kichwa, na mimi ndiye mwenyeji! Akatokea mvuvi na baiskeli, akanipakia juu ya kapu la changu. Nilipofika nyumbani mama hakuuliza kitu, alinionesha bomba tu. Kwa hiyo mpe nusu, nusu nyengine mkirudi Konde.

Fika saa kumi na moja. Mnara ni wa chuma, wa mwaka 1900. Mlinzi akiwepo mwombe upande, umpe chochote, na buibui ulikunje maana ngazi ni nyembamba. Ukiwa juu utaona maji ya kijani karibu na mwamba, mara buluu ya wino. Mkondo wa Pemba una kina kirefu.

Huku jua halina mbwembwe, linadondoka kama nazi, saa kumi na mbili na dakika kadhaa mwaka mzima. Likishazama watu wanakung'uta mchanga waondoke. Wewe kaa. Baada ya dakika kumi hivi wekundu ndio unapanda, na ng'ambo unatokea mstari mweusi wa milima ya Usambara. Jua likiwepo huioni, linakutia kiwi.

Chaza: Milima gani? Nimekwenda mara tatu, nimeona mawingu tu.

Mtoto wa Konde: Ulikwenda masika, bwana. Ngoja mvua ikatike, hewa ikishaoshwa.

Binti Mkunazini: Ahsante sana kaka. Na Magharibi niswali wapi? Nikingoja huo wekundu, msikitini nitachelewa.

Mtoto wa Konde: Mimi hubeba mkeka, naswali pale pale. Kutoka Pemba kibla ni kaskazini moja kwa moja, kwa hiyo wekundu wote utakuwa mkono wako wa kushoto. Jitahidi usichungulie.