Tupeane uzoefu: mliokua mzazi yuko misheni nje, nani alikuwa rafiki yako?

Wakuu habari za jioni. Nianze mimi. 2013 baba alikuwa Darfur, kule Sudan, kwenye kulinda amani, sisi tukahamia Mbalizi kwa bibi kipindi hichohicho, so mi mgeni, darasa la nne, simjui mtu, mapumziko nakaa nyuma ya choo cha walimu nakula viazi vyangu vya kuchemsha peke yangu (msicheke, ndo palikuwa na jua, na baridi la Mbeya la mwezi wa saba mnalijua). Simu ya baba ilikuwa ya kubahatisha, wiki mbili kimya ni kawaida.

Sasa ile Jumamosi ya tarehe 13 mwezi wa 7 wanajeshi wetu 7 wakavamiwa kule wakauawa. Nyumbani redio haizimwi, mama hali chakula, majina hatujayasikia. Jumatatu shule watoto wananiangalia kama mimi ndo msiba wenyewe. Jamaa mmoja tu, mtoto wa fundi baiskeli, hata salamu tulikuwa hatujawahi kupeana, akaja kule nyuma ya choo akakaa, akachukua kiazi kimoja bila kuomba akala. Hakuuliza kitu. Jioni akanifuata mpaka home, mfukoni ana betri mbili kaziiba kwa baba yake, anasema "zenu zisije zikaisha kabla hawajasoma majina".

Baba hakuwemo. Alipiga siku ya nne hivi. Jamaa fimbo za betri alizila vizuri tu, na mpaka leo sijamwambia kuwa alileta kubwa, redio ya bibi ilikuwa inatumia ndogo.

Mdau wa Mafinga:
Mzee wangu alikuwa Lebanon. Mi nilikuwa muongo, nikawaambia madogo mpira wa ukweli unakuja na ndege ili wanipe namba kwenye chandimu, nikapangwa mwaka mzima na mguu sina. Mzee karudi na tende na blanketi. Golikipa wetu alijua toka mwanzo, mama yake mjeda pia, akawaambia wenzake mpira umezuiliwa eapoti. Huyo ndo bestman wangu Desemba.

Mdau wa Makambako:
Mi sikupata mtu. Nilikuwa na mbwa, nae mama akamgawa.

Mleta uzi:
Makambako hebu rudi umalizie, kamgawa kwa nani?