Tupeane uzoefu: mliokwenda India na Nepal kwa safari ya kundi, mkiongozwa

Mama Kulwa, Temeke

Wadau, habari za jioni. India humu inazungumzwa sana, ila karibu zote ni habari za hospitali: Chennai nani bingwa wa moyo, Hyderabad figo inagharimu kiasi gani. Nilipomwambia dada yangu nakwenda India na Nepal alinyamaza kwenye simu, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Wamekukuta na nini?" Nikamwambia siumwi, naenda kutembea. Hakuamini mpaka nilipomtumia picha nimekaa kwenye boti mtoni Ganges nakula karanga.

Naomba tupeane uzoefu wa safari hizi za kundi: unalipa mara moja, mnakuwa watu kumi na kitu, kuna basi na kuna kiongozi ameshika kibendera. Nianze na yangu.

Nilikwenda Desemba 2019, mwaka niliostaafu unesi. Siku 15. Delhi, Jaipur, Agra, Varanasi, mpaka wa Sunauli, kisha Nepal: Lumbini, Chitwan, Pokhara, Kathmandu. Ratiba ilipigwa chapa vizuri na picha za rangi. Kitu ambacho ratiba haikuandika ni maduka.

Jamani, maduka! Delhi, Agra na Jaipur tuliingizwa maduka saba. Utaratibu ni uleule kila mahali. Kiongozi anasema tunakwenda "kuona mafundi". Mlangoni kweli kuna mzee mmoja anafuma zulia au anachonga jiwe, mnamtazama dakika tano. Halafu mnapelekwa chumba cha ndani, mnakalishwa, chai inaletwa, mlango unarudishwa. Mazulia yanaanza kukunjuliwa moja baada ya jingine miguuni pako mpaka unaona aibu kuondoka mikono mitupu. Kamisheni ya kiongozi iko ndani ya bei, hilo nililijua baadaye. Hawa Mahal ya Jaipur, lile jumba la mwaka 1799 lenye vidirisha 953, tuliitazama dakika kumi tukiwa ng'ambo ya barabara. Duka la mazulia, saa moja na nusu.

Na mimi nilinaswa. Agra nilinunua sinia la marumaru lenye maua ya mawe ya rangi. Muuzaji alilimulika kwa tochi, mwanga ukapenya, akaniambia mababu zake ndio waliopamba Taj Mahal. Sinia liko juu ya kabati hadi leo. Bei siitaji, Baba Kulwa anasoma humu.

Nyie wenzangu ilikuwaje? Mpaka, treni, chakula, hela, kiongozi mwenyewe.

Fundi Nyundo

Mama shikamoo. Mtanzania kulipa hela yote hiyo kwenda Chitwan kuangalia faru! Si ungeniambia nikupeleke Ngorongoro kwa Noah yangu?

Mwalimu wa Thika

Hamjambo. Sisi tulikuwa walimu 11, tuliweka pesa kwenye chama miaka mitatu, tukasafiri Aprili 2019. Nina mambo mawili, na yote ni ya karatasi, kwa hivyo mnivumilie.

La kwanza ni kadi ya homa ya manjano. Ukitoka Kenya, India lazima waione. Mwenzetu mmoja alidungwa siku nne kabla ya safari, na chanjo hiyo huanza kuhesabika baada ya siku kumi. Pale uwanja wa Delhi alitolewa kando, akawekwa karantini. Wanaweza kukushikilia hadi siku sita. Sisi tukaenda Taj Mahal bila yeye, naye alikuwa ndiye mweka hazina wa chama! Alitukuta Varanasi akiwa na hasira hata salamu hakuitikia.

La pili ni kubwa zaidi. Ratiba yetu ilikuwa kuingia Nepal kwa barabara kupitia Sunauli na kurudi India kwa barabara hiyohiyo, tupande treni Gorakhpur. Kutoka India hakukuwa na shida. Upande wa Nepal viza inatolewa palepale, siku hizi dola 30 kwa siku 15, taslimu. (Wasomali na Wahabeshi hawapewi mlangoni, wao huomba mapema, kwa hivyo kama kundi lenu lina pasipoti mchanganyiko angalieni.) Tukazunguka Nepal siku sita kwa raha zetu. Tulipogeuza kurudi ndipo tukaambiwa viza ya mtandaoni ya India ilikuruhusu kutoka kwa barabara, lakini kuingia wakati ule kulikuwa kwa viwanja vya ndege na bandari zilizotajwa tu. Sunauli haikuwemo. Watu 11, na mizigo, na maboksi ya majani ya chai ya Ilam.

Ilibidi turudi Kathmandu tununue tikiti za ndege hadi Delhi kwa bei ya siku hiyo. Nilimuuliza kiongozi wetu alikosaje kujua. Alikuwa kijana mwema, karibu alie. Jibu lake sijalisahau: yeye ni Mhindi, anavuka mpaka ule na kitambulisho chake tu, kila wiki, hajawahi kuomba viza maishani. Aliyepanga ratiba ofisini naye vilevile. Kwa hivyo ukipewa ratiba, isome kama mtu mwenye pasipoti *yako*. Orodha ya milango hubadilika, kwa hivyo itazame upya kabla hujalipa.

Jambo dogo la mwisho: Nepal iko mbele ya India kwa dakika 15. Ndiyo, kumi na tano. Lumbini si mbali na mpaka, na simu za wengine zilikuwa bado na saa ya India. Kiongozi akisema basi linaondoka saa mbili kamili, nusu ya kundi wanafika wakiwa Nepal na nusu wakiwa bado India.

Mama Kulwa, Temeke

Mwalimu, umenikumbusha. Hela nazo! Nilivuka na noti za rupia 500 za India nikijua Nepal zinapokelewa. Wakati ule walikuwa wamepiga marufuku noti zote za India zinazozidi 100. Zile ndogo zinakubalika na hesabu ni rahisi, rupia moja ya India ni 1.6 ya Nepal. Zangu nilirudi nazo Temeke zikiwa zimekunjwa kwenye Biblia.

Mzee wa Forodhani

Assalaam aleikum. Miye nilikwenda na mke wangu na jamaa wa msikitini, watu 16, Januari 2020. Nasema wazi: msiende kaskazini ya India Januari kama mnataka kuona kitu. Ukungu! Treni yetu ya Agra ilichelewa saa saba. Kiongozi anatazama simu, anatwambia nusu saa, nusu saa, kama mtu anayembembeleza mtoto. Tulipangiwa Taj Mahal Alkhamisi jioni, tukafika usiku. Kesho yake Ijumaa, na Ijumaa Taj inafungwa kwa wageni.

Nikasema basi, kuna msikiti ndani ya ua, tutaingia kuswali. Hapana. Sala ya Ijumaa mle ni ya wakazi wa Agra peke yao, na mahakama ya juu ya India ililipitisha hilo 2018. Mke wangu alinitazama namna ambayo waliooa wataijua.

Hapo ndipo nilipoona thamani ya kiongozi mzuri. Hakutupeleka dukani, bibi Mama Kulwa. Alitupeleka Jama Masjid ya Agra mjini, ile aliyoijenga Jahanara, binti wa Shah Jahan, mfalme aliyejenga Taj, mwaka 1648. Tukaswali na wenyeji, tukalishwa. Alasiri akatuvusha ng'ambo ya mto Yamuna, bustani ya Mehtab Bagh. Ukungu ukafunguka kidogo, na Taj ikawa mbele yetu nyuma ya maji, hakuna foleni wala wapiga picha wa kukusukuma. Alikaa kimya, hakutusomea historia. Tukakaa mpaka mlinzi akatutoa. Waliolipia kuingia ndani wanieleze wao waliona nini.

Halafu kuna raha ya lugha. Kitabu wao *kitab*, dunia *duniya*, sabuni *sabun*, gari *gaadi*, na bima, laki, chai, zote zipo. Bakshishi ipo, nayo utaisikia kila saa. Nikajiona najua Kihindi. Sasa Jaipur tuko kwenye ngazi, kiongozi anapiga kelele "Bandar! Bandar!" Miye nageuka huku na huku naitafuta bandari, mji ule uko mbali kabisa na bahari, na nyani keshaondoka na miwani ya mke wangu. *Bandar* kwao ni nyani.

Binti Kigoma

Shikamooni. Nimesoma Pune miaka minne, na Nepal nimekwenda na kundi la vijana. Mimi kwa India nasema jipangie mwenyewe. Treni unakata kwa simu, ukichukua daraja la tatu lenye kiyoyozi unapewa shuka na blanketi, unalala, unaamka mji mwingine. Muhimu usipewe kitanda cha pembeni kama wewe ni mrefu, miguu itabaki njiani kila mwenye chai aigonge.

Ila Varanasi nendeni na mtu anayejua. Manikarnika ndipo wanapochoma maiti, mchana na usiku, wazi kabisa. Mmoja wa kundi letu akatoa simu kupiga picha. Wenye msiba wakamzunguka, na vijana wengine ambao si wafiwa wakadandia wakidai hela. Kiongozi wetu, baba mmoja mfupi mwenye kikohozi, akaingia katikati, akaomba radhi kwa wafiwa kwa kuinama, na wale wadandiaji akawapa maneno ya Kihindi ambayo sitayatafsiri hapa. Dakika mbili tu tukawa nje. Hata kwetu nani angepigwa picha akiwa kaburini anamzika mama yake?

Mswahili wa Muscat

Mimi nilikuwa Nepal tu, Oktoba 2023. Ndege ya kutoka huku imejaa Wanepali wanaorudi likizo, kila mtu ana televisheni ya inchi kadhaa imefungwa kwa kamba. Kiongozi wetu mwenyewe alifanya kazi Doha miaka sita kabla ya kuanza utalii, kwa hiyo Kiarabu chetu kibovu kilikutana na chake.

Pokhara hadi Kathmandu ni kilomita 200. Dar hadi Morogoro, si ndiyo? Tulitumia saa kumi na moja. Barabara ilikuwa inapanuliwa, upande mmoja mwamba, upande mwingine mto uko chini huko, na malori yamesimama. Ndege ni chini ya nusu saa, na ratiba iliandika "safari ya kupendeza ya mandhari". Mkiona maneno hayo kwenye karatasi, ulizeni ni saa ngapi za kukaa.

Lakini yule bwana alishuka, akatembea mbele kwa miguu, akarudi na habari kamili: greda limeharibika, saa tatu hivi. Akamwambia dereva azime, akatupeleka kwenye kibanda cha mama mmoja, tukala dal bhat: wali, dengu, mboga, achari, na unaongezewa mpaka uzuie sahani kwa mkono. Kundi la basi lililokuwa nyuma yetu walikaa ndani saa hizo zote wakigombana na kiongozi wao aliyekuwa akisema "dakika tano".

Alfajiri ya Sarangkot, kilima cha kutazamia milima pale Pokhara, sina la kusema zaidi ya kwamba mlima Machhapuchhre una mita 6,993, kuupanda ni marufuku, na unaishinda Kilimanjaro yetu kwa zaidi ya kilomita nzima. Nilinyamaza siku hiyo, maana nilishajigamba sana kwenye basi.

Na mweke risiti vizuri. Zangu zina mwaka 2080, kalenda yao iko mbele. Mhasibu wa ofisini aliniuliza kama nilisafiri au nilifufuka.

Mama Kulwa, Temeke

Fundi Nyundo, marahaba, sijakusahau. Faru wa Chitwan ana pembe moja, na ngozi yake imekunjamana kama amevaa koti la chuma. Lakini si hilo. Ngorongoro unamwona ukiwa ndani ya gari. Kule tulishuka mto Rapti kwa mtumbwi wa gogo, kisha tukatembea kwa miguu nyuma ya vijana wawili wenye fimbo. Fimbo tu! Tuliambiwa faru akija kimbia kwa kupindapinda au panda mti. Nilikuwa na miaka sitini, Fundi. Niliutazama kila mti kwa makini sana.

Binti Kigoma

Mama, samahani, lile sinia. Agra wanauza sana jiwe la sabuni kwa jina la marumaru. Tochi si kipimo, nalo linaweza kupitisha mwanga. Ligeuze, likwaruze chini kwa ukucha. Marumaru ni gumu, lile lingine linatoa unga mweupe mara moja.

Mama Kulwa, Temeke

Ngoja nipande kwenye stuli.

Mama Kulwa, Temeke

Unga.

Mwalimu wa Thika

Pole sana Mama. Hilo ni kama lile jiwe la Kisii. Ungefika Tabaka tungekuchongea na jina lako.

Fundi Nyundo

Mama, sasa bei unaweza kuitaja.